Namba ya Pili na ya Tatu

Lindi, Jumatatu, 11 Aprili 2005

Modemu imefika na basi, adapta yake haikufika. Tundu la AUX la ruta ni dogo, linapokea plagi ya kebo ya mtandao. Tundu la modemu ni pana, la pini 25. Kati ya hayo mawili panahitajika kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, na kipande hicho kimepotea mahali fulani kati ya Ubungo na hapa. Basi limelala njiani. Daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 liliondoa shida ya kivuko, lakini tope la mbele yake bado lipo palepale.

Nimekwenda kwa fundi redio jirani na soko, nikamchorea waya upi uende pini ipi. Amelehemu nyaya zote kabla ya adhuhuri, na kila aliomaliza akaupima kwa mita yake. Imekubali mara moja: nimeandika AT, modemu imejibu OK.

Kazi iliyonileta ni hii. Tawi la benki la hapa linazungumza na makao makuu Dar es Salaam kwa dishi la setilaiti. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na katika safari hiyo yote, kinachotusumbua ni kilomita chache za mwisho, zile zenye mawingu ya masika. Mvua ikishuka kwa nguvu mawasiliano yanakatika. Hapo ruta inatakiwa ipige simu yenyewe kwa modemu, kwa waya wa kawaida wa simu, hesabu za siku zipite huko mpaka dishi lirudi. Namba moja ya kupiga haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa bize au kufa. Ruta inapewa namba ya kwanza, ya pili, na ikiwezekana ya tatu. Wengi huandika namba ya pili kwa kujaza nafasi tu. Mimi naona hiyo ndiyo ya kuhangaikia zaidi, maana siku itakapopigwa ni siku ambayo mambo tayari yameharibika.

Mwisho wa mwezi wastaafu wanakuja kuchukua fedha zao. Wengine wanatoka Rutamba na Mchinga, wametoa nauli. Bila mawasiliano, karani hawezi kusoma salio la mtu.

Jumanne, 12 Aprili

Karatasi ya namba niliyopewa makao makuu ina namba mbili. Ya pili inaanza na 051. Huo ni msimbo wa zamani wa Dar es Salaam. Sasa ni 022. Maana yake namba hii ilinakiliwa kutoka karatasi nyingine, nayo ikanakiliwa kutoka nyingine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeipiga hata kwa simu ya mezani.

Nimepiga Dar kuuliza namba sahihi. Dada wa mapokezi ameniomba nisubiri, akaenda kuangalia kibandiko kilicho kwenye simu yenyewe, akarudi na namba. Nimemshukuru sana. Kibandiko kwenye simu ndicho cha kuaminiwa.

Jumatano, 13 Aprili

Modemu inakataa kupiga. Kila nikiiamuru inajibu NO DIALTONE, ilhali nikinyanyua simu ya mezani kwenye soketi ileile nasikia mlio.

Mlio upo, ila si ule modemu inaoutambua. Waya huu unapita kwenye swichibodi ya ofisi, na swichibodi ina mlio wake wa kukatika-katika. Modemu imetengenezwa kutambua mlio mrefu usiokatika, kwa hiyo inaamini laini imekufa. Dawa ipo: ATX3, inayoiambia modemu isisubiri mlio, ipige tu. Nimeiongeza kwenye maneno inayoambiwa kila inapowashwa, nikahifadhi kwa AT&W ili umeme ukikatika isisahau.

Halafu kuna sifuri ya kutokea nje. Swichibodi inataka ubonyeze 0, usubiri kidogo, ndipo upige namba. Modemu haijui kusubiri mpaka uiwekee alama ya mkato: kila mkato ni sekunde mbili. Swichibodi hii ni nzito, mkato mmoja haukutosha. Nimeweka miwili.

Mama meneja amepita akauliza kama imekwisha. Nimemwambia, “Bado mama, leo tumefika nje ya ofisi.” Akasema, “Haya, Dar mtafika tu.”

Ijumaa, 15 Aprili

Leo nimejifunza namna ruta inavyohama kutoka namba moja kwenda nyingine, na nimeona ni suala la sekunde.

Nimeipa namba ya kwanza ya uongo makusudi, nione itachukua muda gani kufika ya pili. Simu ikiwa bize hakuna shida: modemu inausikia mlio wa bize, inatamka BUSY, ruta inasoma neno hilo na kuhamia namba inayofuata papo hapo. Lakini sharti neno BUSY liwe limeandikwa kwenye orodha ya maneno ya kukatisha. Orodha niliyoikuta ina NO CARRIER (hakuna modemu iliyoshika) peke yake. Yaani laini ikiwa bize, ruta ingekaa kimya kungoja neno jingine mpaka muda wake uishe. Nimeongeza BUSY, nimeongeza na NO DIALTONE.

Tatizo zito ni namba isiyopatikana. Hapo hakuna mlio wa bize. Anatokea mama mwenye sauti nzuri, anaeleza kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Modemu haielewi maneno ya mtu. Inaendelea kusikiliza, ikitarajia kwamba baada ya maelezo hayo modemu mwenzake ataitika. Hii ya kwetu inasikiliza sekunde 50 kabla ya kukata tamaa. Ruta nayo, isipoelekezwa, inasubiri sekunde 30 tu. Kwa hiyo ruta inakata kabla modemu haijamaliza, kisha inaipa namba ya pili wakati modemu bado iko kwenye ile ya kwanza. Amri mbili zinagongana na hakuna namba inayopigwa.

Nimepandisha subira ya ruta hadi sekunde 75. Sasa modemu inamaliza, inasema NO CARRIER kwa wakati wake, na ruta inapiga ya pili. Kutoka ruta kuanza kupiga namba ya kwanza hadi mlio wa namba ya pili hakufiki dakika moja na nusu. Karani anaweza kuvumilia hapo.

Jumatatu, 18 Aprili

Modemu zimesalimiana, laini imeshika, halafu ikakatika. Kila mara hivyo. Zinashikana, sekunde tatu, chali.

Simu inaposhika, ruta ya Dar inaiuliza ya kwetu swali kwa utaratibu unaoitwa CHAP: inatuma namba ya kubahatisha, yetu inaichanganya na neno la siri na kurudisha jibu. Neno lenyewe halipiti kwenye waya hata siku moja, na ndiyo maana naupenda utaratibu huu kuliko ule wa PAP, unaolituma wazi. Lakini pande zote mbili ziwe na neno lilelile, herufi kwa herufi.

Nimelisoma langu. Mwenzangu wa Dar amelisoma la kwake kwa simu. Yako sawa. Tumesoma tena kwa kutaja herufi, kubwa na ndogo. Yako sawa. Nikamwomba asilisome, alifute na kuliandika upya kwa vidole. Akaandika, nikapiga, tukaingia. Awali alikuwa amelinakili kutoka kwenye barua pepe, na mwishoni mwake kulikuwa na nafasi tupu moja. Ruta inaihesabu nafasi hiyo kuwa sehemu ya neno la siri. Kwenye skrini haionekani.

Jumanne, 19 Aprili

Tumeunganika kwa biti 14,400 kwa sekunde. Modemu imeandikwa 56K kwenye boksi, lakini kasi hiyo hupatikana pale tu upande wa pili umeunganishwa kidijitali na kituo cha simu. Modemu mbili za kawaida zikipigiana, mwisho ni 33,600. Hata hivyo 14,400 ni ndogo mno, na nikinyanyua simu nasikia mkwaruzo.

Fundi wa laini amekuja na baiskeli, ngazi begani. Nyuma ya ofisi kuna nguzo yenye boksi la kuunganishia waya. Amepanda, akafungua kifuniko, akaniita nipande nione. Ndani nyigu wamejenga. Vyumba vyao vya udongo vimepangana juu ya skrubu, vimekauka na kuwa vigumu. Udongo umenyonya unyevu wa masika na skrubu zimeota kutu ya kijani. Jozi yetu imefunikwa nusu. Fundi amebandua udongo kwa bisibisi, pole pole, akasugua shaba kwa kipande cha msasa mpaka ikang'aa, akakaza upya. Akachomeka simu yake ya kupimia, akanipa nisikilize. Kimya, kisha mlio safi.

Baada ya hapo modemu imeshika kwa 26,400. Sijawahi kuona marekebisho ya programu yanayoleta nyongeza kama hiyo.

Mchana nimefanya jaribio lenyewe. Nimepanda paani na kuchomoa kebo ya dishi. Ruta haikupiga. Nimeirudisha, nimechomoa tena, haikupiga.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo naandika kwa kirefu. Njia ya akiba iliandikwa na mtu wa kabla yangu kwa mtindo wa uzito. Njia ya kawaida ina uzito wa 1, njia ya simu imepewa 200, na ruta hufuata yenye uzito mdogo. Ile ya kwanza ikitoweka, ya pili inajitokeza. Mpango mzuri, ila ruta haiko juu ya paa. Imeunganishwa na kisanduku cha setilaiti kilicho pembeni yake mezani kwa kebo ya nusu mita. Dishi likifa, kebo hiyo bado ni nzima, taa ya kijani inawaka, na ruta inaona njia ya kwanza ipo. Inaendelea kutuma hesabu za watu kwenye kisanduku, na kisanduku hakina pa kuzipeleka.

Njia isiachwe imeandikwa tu, lazima itangazwe. Nimewasha OSPF, utaratibu wa ruta kutangaziana njia, kati yetu na Dar, ili ruta ya Dar itangaze mtandao wa makao makuu kupitia dishi. Kisha nimeiambia yetu iulinde mtandao ule kwa macho: siku tangazo likikoma, hata kama taa zote ni za kijani, piga simu. Nimeongeza subira ya sekunde 60 kabla ya kukata simu dishi likirudi, maana mawingu yakipita, dishi hurudi, likaondoka, likarudi.

Nimechomoa tena jioni. Imepiga.

Alhamisi, 21 Aprili

Dada wa uhasibu ameniuliza kwa nini modemu ilikuwa inawaka alfajiri alipofungua ofisi. Swali zuri. Jana jioni dishi lilikatika kwa mvua, ruta ikapiga Dar kama inavyopaswa, lakini baada ya mvua kuisha simu iliendelea. Namba ya mkoa mwingine inalipiwa kwa dakika.

Ruta hukata simu zikipita sekunde 120 bila mzigo wa maana. Neno kubwa hapo ni “wa maana”. Kompyuta za makarani zilikuwa zimeachwa zimewashwa, na zenyewe usiku kucha huulizana majina, nani yupo na nani hayupo, kupitia milango ya 137 na 138. Kila swali lilihesabiwa kuwa mzigo na saa ikaanza upya. Dishi nalo, kisanduku chake kilikuwa kimeganda na kilihitaji kuzimwa na kuwashwa.

Nimeandika orodha mpya ya mzigo unaostahili kupigiwa simu. Hesabu za wateja, ndiyo. Barua pepe ya jioni, ndiyo. Majina ya kompyuta, hapana. Mazungumzo ya OSPF yenyewe, hapana, ingawa yakikuta simu iko hewani yaruhusiwe kupita. Dada wa uhasibu ameomba nakala ya orodha aitunze kwenye faili la bili. Nimempa, na nimefurahi kwamba mtu wa fedha anaitaka.

Ijumaa, 22 Aprili

Zamu ya namba ya pili. Inaita mara moja, inaitikiwa, modemu zinapigiana filimbi kwa muda, kisha NO CARRIER.

Mwenzangu wa Dar amefuata waya kwa mkono kutoka modemu hadi ukutani. Njiani amekuta mashine ya faksi. Imewekwa laini hiyohiyo, iitike mlio wa kwanza. Modemu ya Dar imewekwa iitike mlio wa pili. Hivyo faksi inawahi kila mara, na inapoitika inatoa mlio wa hezi 2100, uleule ambao modemu hutoa inapoitika. Ya kwetu ikajiona imempata mwenyewe, ikaanza kujadiliana kasi na mashine iliyokuwa inangoja karatasi.

Idara inayotumia faksi imekubali kuhamia laini nyingine, ila baada ya barua. Barua itasainiwa Jumatatu.

Jumanne, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa nchi nzima. Nimechagua leo kwa jaribio, kwa sababu mvua haiangalii kalenda.

Namba ya kwanza imeita na kuitikiwa, lakini si na modemu. Nimenyanyua simu ya mezani iliyo kwenye waya huohuo nikasikia mtu anasema “Haloo, haloo.”

Nikasema, “Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayepiga filimbi?”

Nikamweleza. Ni mlinzi wa getini. Siku za kazi swichibodi ya Dar hupeleka simu ya namba ya kwanza kwa modemu. Usiku na sikukuu dada wa mapokezi huibadilisha ili simu zote ziite getini, asije mtu akapiga kwa dharura na kukosa wa kumjibu. Mzee amekuwa akiitika filimbi hizi tangu wiki iliyopita na kuandika kwenye daftari lake la zamu, pamoja na saa. Nimemwomba anisomee. Saa alizoandika zinalingana na kumbukumbu za ruta yangu, dakika kwa dakika. Akaniuliza, “Sasa mwanangu, nisipokee?” Nikamwambia apokee kama kawaida, sisi ndio tutaondoka hapo.

Basi namba ya kwanza nayo inahitaji laini ya moja kwa moja, isiyopita swichibodi.

Jumatano, 27 Aprili

Barua ya faksi imesainiwa, laini ya moja kwa moja imepatikana. Asubuhi namba zote mbili zilishika. Saa nane mchana zote mbili zilikufa.

Huko Dar mvua imejaza maji kabati la simu la mtaani. Namba zetu ni mbili, modemu mbili, soketi mbili, lakini kutoka ukutani hadi kabatini ni jozi mbili za waya ndani ya kebo moja. Kwenye karatasi tulikuwa na akiba. Chini ya lami hatukuwa nayo.

Nimezungumza na Mama meneja. Tawi la Mtwara lina dishi lake na laini yake ya simu, na kutoka hapa ni kilomita mia moja na kidogo. Mvua ya Lindi na mvua ya Mtwara mara nyingi si mvua moja. Tukipigia Mtwara, hesabu zetu zinapanda kwa dishi lao. Yeye mwenyewe amempigia meneja wa Mtwara, wakajuliana hali, familia, watoto, kisha akaniomba kwa upole nimweleze meneja huyo anachotakiwa kufanya. Modemu ya Mtwara ilikuwa kabatini, haijatolewa kwenye nailoni.

Namba ya tatu haiandikwi kama zile mbili. Zile zinaishia kwenye ruta moja ya Dar, anwani moja, jina moja. Hii inaishia kwingine, kwa hiyo ina anwani yake, jina lake na neno lake la siri, na upande wa Mtwara lazima ukubali kutangaza njia ya makao makuu kwetu. Tumemaliza saa tatu usiku. Karani wa Mtwara aliyebaki kunisaidia kwa simu alikuwa hajala.

Alhamisi, 28 Aprili

Mvua imeanza saa nne asubuhi, dishi limeondoka saa nne na robo. Benchi la nje limejaa; wengine wamesimama ukumbini na miavuli yao.

Namba ya kwanza: kimya, sekunde 50. Namba ya pili: kimya, sekunde 50. Namba ya tatu imeita mara mbili na kushika kwa 24,000.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ametoa kitabu chake kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu ili kisilowe. Karani ameandika namba ya akaunti, akasubiri, salio likatokea mstari mmoja mmoja. Imechukua muda mrefu kuliko kawaida. Mzee amehesabu noti zake, akarudia, akasema asante, akatoka kuwahi gari la Rutamba.

Baadaye karani alipotaka kuchapa ripoti ya asubuhi, printa ilikuwa imeishiwa wino. Ameinakili kwa kalamu.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimebandika karatasi ukutani juu ya modemu: namba tatu, ya nani, inapita wapi, na safu ya tarehe. Kila Ijumaa saa kumi karani anaiamuru ruta ipige moja moja, zote tatu, anaandika kasi aliyopata na kuweka sahihi. Namba ambayo haina tarehe ya wiki hii naihesabu kwamba haipo. Mama meneja amekubali, na Mtwara wamefaksiwa karatasi hiyohiyo, kwa sababu kuanzia jana Lindi ni namba yao ya tatu.

Adapta iliyopotea imeletwa na kondakta mchana huu, ikiwa kwenye bahasha. Nimeiacha droo ya juu kama spea.

Jioni wamepiga kutoka tawi la Kilwa. Wana modemu, wana namba moja, na haijawahi kupigwa. Nimewaomba wasome kibandiko kilicho kwenye simu ya Dar wanayoipigia, na waniangalizie nguzo yao kama ina nyigu. Jumatatu natafuta gari la kwenda huko, barabara ikipitika.